Neno Lililokatwa Kichwa na Mkia

Kila siku ya shule Zakia aliamka jogoo wa jirani alipowika mara ya pili. Alichota maji, akafagia vipande vya bati vilivyozagaa mlangoni, kwa maana baba yake, fundi Salum, alikuwa mtengenezaji wa vibatari na makarai, na ukikanyaga kipande cha bati asubuhi kwa mguu mtupu, siku yako nzima imeharibika. Kisha alikunywa uji, akamwamkia baba, "Shikamoo baba," akaitikiwa, "Marahaba, mwanangu, usichelewe," akatoka mbio. Kutoka kwao Mirongo, mjini Mwanza, hadi shuleni, kwenye barabara iendayo Nyakato, kulikuwa na mwendo wa kutoa jasho. Zakia alikuwa na miaka kumi na miwili, alisoma darasa la nne, na kama kuna kitu alichojivunia hapa duniani, basi ni mwandiko wake.

Na tuseme kweli, ule ulikuwa mwandiko! Herufi zake zilisimama wima kama askari wa gwaride. Hata Mwalimu Rwegasira, mwalimu mkuu aliyetoka Bukoba na ambaye hakuwa mtu wa kusifu ovyo, aliinua daftari lake mbele ya darasa na kusema, "Tazameni. Huyu ameandika kwa kalamu. Ninyi wengine mmeandika kwa miguu ya kuku."

Ulikuwa mwaka wa 1962. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na watu wazima walikuwa wanajifunza kuishi nao. Yule Mzungu mkuu wa wilaya alikuwa amekwisha funga masanduku yake na kwenda kwao. Watu walikuwa wakimwita Bwana Shauri, kwa sababu kila shauri la kodi, faini na kifungo lilipita mezani kwake. Yeye aliondoka, lakini neno lake lilibaki. Mzee mzima wa Mwanza akisikia "una shauri," bado alianza kutafuta pa kujificha.

Shule ya Zakia iliishia darasa la nne. Aliyetaka darasa la tano alikwenda shule ya mbali, ya bweni. Fundi Salum alikuwa ametamka mbele ya jamaa zake wote, "Binti yangu halali bweni. Yakiisha madarasa ya hapa, kusoma kwake kumekwisha." Zakia alilia siku mbili, na baba hakugeuka.

Kwa hiyo Jumatatu moja, Mwalimu Rwegasira alipomwita ofisini, Zakia alikwenda mbio.

"Zakia, sikiliza vizuri," alisema. "Bwana Elimu, ofisa wa elimu wa wilaya, atakuja Jumamosi ya juma lijalo. Akikuta wazazi wamechagua halmashauri ya shule, na wamekubali kujenga chumba kwa mikono yao, tutapewa darasa la tano na mwalimu wake. Asipokuta, darasa hilo linapewa shule nyingine. Mimi nataka wazazi tukutane nao Jumamosi hii. Niandikie barua sitini, moja kwa kila nyumba. Nakala ni hii."

Nakala ilisema hivi: *Mzazi mpendwa, unaombwa kufika shuleni Jumamosi saa tatu asubuhi kwa mashauriano kuhusu elimu ya mtoto wako.*

"Nitaandika, Mwalimu!" alisema Zakia. Alitaka kurukaruka palepale. Darasa la tano hapahapa, bila bweni!

Alikaa na kidau cha wino na kalamu ya kuchovya, akaandika barua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zote zilikuwa safi. Alipomaliza ya kumi na mbili, rafiki yake Leonsia alichungulia dirishani.

"Zakia, meli ya Bukoba inaingia alasiri hii! Shangazi yangu anakuja, na anatuletea senene kikapu kizima. Twende bandarini."

"Nina barua arobaini na nane bado."

"Basi nitakula peke yangu," Leonsia alisema, akacheka, mkorofi yule.

Wee, senene, panzi wale wa kukaanga wa Bukoba! Zakia alitazama nakala. Mbona maneno yalikuwa mengi hivi? "Unaombwa kufika" si ni "unaitwa" tu? Na hili "mashauriano," neno refu kama barabara ya Shinyanga, si ni "shauri" tu? Alichovya kalamu akaandika: *Mzazi, unaitwa shuleni Jumamosi saa tatu kwa shauri la mtoto wako.* Aliisoma, akaona imetosha. Arobaini na nane akazimaliza upesi, akampa Mwalimu zikiwa zimekunjwa, na akawahi meli. Senene walikuwa watamu.

Siku ya pili wanafunzi walizipeleka barua nyumbani. Siku ya tatu mambo yakaanza kwenda mrama. Madawati kumi na moja yalikuwa matupu. Fundi cherehani Abeid, ambaye tangu Zakia azaliwe hakuwahi kufunga duka siku ya kazi, alifunga na kuvuka ziwa kwenda Sengerema, eti anamwuguza mjomba. Baba mwingine alikumbuka ghafla kwamba ana dada Ukerewe. Zakia aliyasikia hayo yote, wala hakuyaunganisha na barua zake.

Jumamosi ikafika. Mwalimu Rwegasira alikuwa amevaa tai, na madawati yamepangwa uwanjani kwa watu sitini. Saa tatu ikapita. Saa tatu na nusu. Walikuwapo wazazi tisa tu, mmoja wao fundi Salum, ambaye hakusoma herufi za Kizungu ila aliambiwa habari yote na binti yake kwa mdomo. Mwalimu alitembea huku na huku, akilegeza tai yake.

"Tisa," alisema kwa uchungu. "Watoto mia na hamsini, wazazi kumi kasoro mmoja. Bwana Elimu atasema watu wa hapa hawajali shule. Nami nitamjibu nini?"

Ndipo aliposikika mbuzi.

Mzee Mihayo, mkulima wa pamba wa Buswelu, aliingia uwanjani akimvuta beberu kwa kamba mkono huu, na mwanawe Ngosha kwa mkono ule. Ngosha alisoma darasa moja na Zakia. Siku tatu alikuwa hakuonekana shuleni. Alitembea akichechemea, na nyuma ya miguu yake palikuwa na mistari myekundu ya fimbo.

"Mwangaluka, Mwalimu," Mzee Mihayo alisalimu kwa Kisukuma, kisha akavua kofia. "Nimesomewa barua, nami nimekuja kwenye shauri la mtoto. Nimechelewa kwa sababu mbuzi huyu ni mbishi. Faini yangu ndiyo hii. Nami nimekwisha mchapa, ingawa amekataa kabisa kusema kosa lake. Siku tatu namwuliza, 'Umeiba nini?' Anasema, 'Sijaiba.' Sasa wewe niambie, Mwalimu. Kafanya nini?"

 Mwalimu alipokea barua kutoka mkononi mwa Mzee Mihayo. Aliisoma. Akamwomba mama mmoja aliyeketi mbele ampe ya kwake, akazishika zote mbili pamoja. Mwandiko ulikuwa mmoja, maneno mbalimbali.

"Hakuna aliyefanya kosa, mzee wangu," alisema polepole. "Wala mtoto wala wewe. Barua hii imekosewa. Pengine nakala zangu zilikuwa mbili, nikachanganya. Kosa ni langu."

Lo! Mlango wa kutokea huo ulikuwa wazi kabisa. Zakia angenyamaza tu, na lawama yote ingemwangukia Mwalimu. Aliyatazama madawati matupu, akaona darasa la tano likiondoka. Kisha akaitazama miguu ya Ngosha. Ngosha alikuwa amekaa chini, anampapasa yule mbuzi, na hakuwa akimlaumu mtu. Zakia aliona aibu, akasogea mbele.

"Si wewe, Mwalimu," alisema. "Ni mimi. Nakala ilikuwa moja. Nilichoka nikafupisha. Nilitaka kuiwahi meli. Ngosha, nisamehe. Baba Ngosha, nakuomba unisamehe."

Fundi Salum alisimama kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Wewe Zakia! Neno moja tu lilikushinda?"

Lakini Mzee Mihayo alikuwa akimtazama mwanawe. Alipiga goti mbele ya watu wote, akashika miguu ya mtoto. "Mwanangu, ulikuwa ukisema kweli," alisema. "Siku tatu ulisema kweli, na mimi nilikupiga kwa ajili ya karatasi." Ngosha akaangua kilio, kilio ambacho hakukitoa hata kwa fimbo.

Walipotulia, Mwalimu Rwegasira hakushika kiboko, ingawa siku zile viboko havikuwa haba. Alisema, "Zakia, umekosa, na umekiri. La pili halifuti la kwanza, lakini linafungua njia ya kulitengeneza. Tuna siku sita. Utaandika barua arobaini na nane upya."

"Hapana, Mwalimu," alisema Mzee Mihayo, akijipangusa macho. "Karatasi tena? Watavuka ziwa wote! Kwetu tukitaka watu wa kulima shamba, hatumwiti mtu kwa karatasi. Anaitwa kwa mdomo, anaambiwa kazi ni ipi, na anaambiwa aje na chombo gani. Aliyeambiwa aje na jembe hawezi kudhani anakwenda kufungwa."

Mwalimu alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Umesikia, Zakia? Safari hii barua ni wewe mwenyewe."

Basi kuanzia Jumapili, kila masomo yalipokwisha, Zakia alizunguka nyumba hadi nyumba. Leonsia aliandamana naye, kwa kuwa senene walikuwa wake. Ngosha naye aliwaongoza njia za Buswelu. Kila mlango Zakia alianza na maneno yaleyale, nayo hayakuzoeleka hata kidogo: "Shikamoo. Mimi ndiye niliyeandika ile barua, na niliiandika vibaya. Mtoto wako hana shauri. Shule inaomba mashauriano." Kisha aliuliza, "Je, wewe unajua kazi gani?" na kuandika jibu katika daftari.

Wengine walicheka, wengine walifoka. Mke wa fundi Abeid alicheka mpaka akakaa chini, akamtuma mtu Sengerema siku ileile akamwambie mumewe kwamba mjomba amepona. Aliyewasha moto hasa alikuwa Mama Dorotea, muuza samaki, waliyemkuta ufukweni akiwa na kisu mkononi.

"Kumbe ni wewe!" alipaza sauti, na wauza samaki wote wakageuka. "Mimi nimemnyima mwanangu Wilhelmina chakula cha jioni kwa ajili yako! Neno zima la watu umelikata kichwa na mkia kama sato! Samaki nikimkata hivi anauzika. Neno ukilikata hivi linaoza!"

Zakia alisimama palepale mbele ya wanawake wale wote. Alitamani ziwa limmeze. Hakujitetea. "Ni kweli, mama," alisema. "Nitamwomba na Wilhelmina msamaha. Lakini Jumamosi tafadhali njoo. Usipokuja, mimi na Wilhelmina tutaishia darasa la nne."

Mama Dorotea alimkodolea macho. Kisu kikashuka. "Wilhelmina pia?"

"Sote, mama. Mama, unajua kazi gani?"

"Mimi? Najua kuwapanga wanawake ishirini wanaogombea mtumbwi mmoja wa samaki, na wote wakarudi nyumbani wanacheka. Andika hiyo."

Zakia aliandika hiyo, yote, bila kufupisha.

Ijumaa alikuwa amefika nyumba arobaini na saba. Ya mwisho ilikuwa ya kwao. Alimkuta baba yake anapiga bati. "Shikamoo baba. Nimekuja kukualika shuleni kesho. Unajua kazi gani?"

Fundi Salum aliweka nyundo chini, akayatazama mavumbi yaliyompaka binti yake hadi magotini. "Unajua vizuri kazi yangu," alisema. Kisha akaongeza, "Andika: fundi bati. Atakuja na mkasi wake."

Jumamosi, saa mbili asubuhi, saa aliyowaambia wazazi, uwanja ulikuwa mtupu. Zakia alisimama barabarani na daftari lake kifuani. Saa mbili na robo. Hakuna mtu. "Hawaji," alimwambia Leonsia, na machozi yalikuwa karibu. "Nimewatia woga, na woga hauondoki kwa siku sita."

"Nyamaza, sikiliza," alisema Leonsia.

Upande wa Buswelu kulikuwa na wimbo. Ulikuwa wimbo wa kulima, wa wanaume wengi, ukija juu ya kilima. Mzee Mihayo aliibuka mbele yao, jembe begani, na nyuma yake wakulima ishirini na zaidi. Zakia alipogeuka upande wa mjini, barabara ilikuwa imejaa! Mama Dorotea alikuwa amewapanga wanawake mistari miwili, ndoo na mitungi ya maji kichwani, na hakuna aliyegombana. Waashi walikuja na miko. Fundi Abeid alikuja na futi yake ya kupimia nguo, akasema ukuta ni kama koti, ukikosea kipimo umeharibu. Fundi Salum alikuja na mkasi wa bati, na mabati mawili aliyoyabeba mwenyewe kichwani kutoka Mirongo.

"Baba!" Zakia alipiga kelele, akamkimbilia.

"Pisha njia, nina mzigo," alisema baba, lakini alikuwa anatabasamu.

Mawe si shida Mwanza. Yanasubiri kila mahali. Wanaume waliyavunja, wanawake wakachanganya udongo, watoto wakapokezana maji. Bwana Elimu, kijana aliyevaa suti ya kijivu, alifika saa tano kwa gari, na alipoona vumbi na kelele alidhani kuna ugomvi. Aliposhuka alikuta msingi umekwisha chimbwa na ukuta umefika magotini.

"Mimi nilikuja kuhesabu wazazi waliokaa," alimwambia Mwalimu Rwegasira. "Hawa hawakai!"

Ilipofika adhuhuri walipumzika na kuchagua halmashauri ya shule. Mama Dorotea alipita kwa makofi. Fundi Salum alipita. Jina la Mzee Mihayo lilipotajwa kwa uenyekiti, mtu mmoja alinong'ona kwa sauti kubwa, "Lakini hajui kusoma."

Mzee Mihayo alisimama. "Ni kweli, sijui," alisema. "Na kwa kuwa sijui, mkinichagua nitaweka sheria moja. Kila barua ya shule hii, kabla haijatoka, itasomwa kwa sauti mbele ya halmashauri nzima. Yule asiyeelewa aseme. Nami nitakuwa wa kwanza kusema."

Makofi yalipigwa mpaka kunguru wakaruka. Akachaguliwa bila kupingwa. Bwana Elimu alipanda juu ya jiwe, akatangaza kwamba darasa la tano litafunguliwa shuleni hapo mwanzo wa mwaka ujao. Wilhelmina alimkumbatia Zakia, wote wawili wakaanguka kwenye udongo mbichi, na hakuna aliyewagombeza. Ngosha alirukaruka kwa miguu iliyokwisha pona.

Yule mbuzi wa faini? Mzee Mihayo alimtoa kwa hiari, akawa kitoweo cha wajenzi. Hakuna faini iliyopata kuwa tamu namna ile.

Walipokuwa wanakula, Mwalimu Rwegasira aliwakusanya wanafunzi wake, na wazazi nao wakasogea kusikiliza.

"Leo nitafundisha somo fupi," alisema. "Kupenda, kupendana. Kusaidia, kusaidiana. Kushauri, kushauriana. Shauri lina hakimu juu na mshtakiwa chini. Mashauriano yana watu wanaotazamana usoni. Zakia aliona ni herufi chache tu, akaziacha ili awahi starehe yake, na kumbe ndani ya herufi hizo tulikuwamo sisi sote. Kazi ndogo ukiifanya kwa kulipua, mwenzako ndiye anayechapwa. Lakini aliyekosea akasema kweli, kisha akatengeneza kwa miguu yake mwenyewe, huyo anastahili kuaminiwa tena." Alimpa Zakia daftari jipya na kalamu. "Halmashauri inahitaji mtu wa kuandika habari za siku ya leo. Andika."

Zakia aliketi juu ya jiwe la msingi. Alichovya kalamu, akaandika taratibu: *Leo wazazi na walimu wamefanya mashauriano.*

Mzee Mihayo aliinama juu ya bega lake. "Nionyeshe hilo neno, mwanangu."

Zakia alimwonyesha. Mzee alilipima kwa kidole chake kinene, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akacheka kwa furaha.

"Kumbe ni refu hivi!" alisema. "Ndiyo maana sote tumeenea."